Panya wa presha ya kurithi: vipimo vikigoma, anzia hapa

Maswali ya wanaoanza kazi na panya wa presha ya kurithi hayapishani sana. Kifaa hakisomi. Kinasoma, lakini namba zinarukaruka. Panya aliyenunuliwa kwa sababu ana presha hana presha, na yule wa kulinganisha naye, aliyetakiwa awe mzima, anayo. Chumvi imelishwa mwezi mzima na hakuna kilichobadilika. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, cha nadra kikaja mwisho. Jeni ndiyo jibu ambalo kila mtu anatamani kulipata, na ndiyo ya mwisho kuchunguzwa. Kabla ya kuifikia kuna mkia, mkanda, chumba, gunia la chakula na karatasi za aliyekuuzia.

Kwanza, jua una panya gani

Koo zinazotumika sana ni mbili. SHR walizalishwa Kyoto, Japani, na Kozo Okamoto na Kyuji Aoki, waliotangaza kazi yao mwaka 1963. Walichagua panya wa Wistar, ukoo wa kawaida wa panya weupe wa maabara, waliokuwa na presha ya juu kidogo, wakawapandisha, kisha wakaendelea kupandisha kaka na dada kizazi baada ya kizazi mpaka presha ikawa ya ukoo mzima. Hawa hupanda presha wenyewe, bila chumvi wala upasuaji. Kutoka kwao, mwaka 1974, likatangazwa tawi la SHRSP, ambao juu ya presha hupata kiharusi.

Ukoo wa pili ni wa Lewis Dahl, aliyekuwa Brookhaven, New York. Mwaka 1962 alionyesha kwamba kwa kuchagua wazazi unaweza kupata panya wanaopanda presha wakila chumvi na wengine wanaokula chumvi ileile na kubaki vilevile. Leo wa kwanza wanaitwa SS, wa pili SR. Presha ya SS kwa sehemu kubwa hungoja chumvi.

Ukimlisha SHR chumvi ukitarajia mambo ya SS, au ukakaa unasubiri SS apande kwa chakula cha kawaida kama SHR, hutapata jibu hata mashine ikiwa mpya.

Dalili ya 1: Kifaa cha mkia hakisomi, au kinasoma mara mojamoja

*Mkia wa baridi.* Kifaa hiki hubana mkia kwa mkanda unaojazwa hewa, na kihisi hutazama damu inavyopita. Baridi ndiye mchawi wa kwanza, na mara nyingi hakuna mwingine. Panya hupunguza joto la mwili kupitia mkia. Akisikia baridi, au akiogopa, mishipa ya mkia hujibana, na damu inayopita inakuwa kidogo kiasi kwamba kihisi hakioni kitu. Ushike mkia kwa vidole viwili karibu na shina. Hata kupitia glavu utajua. Kama ni wa baridi, usiwashe mashine. Mkia uliopata joto una wekundu hafifu, na pembeni utaona mshipa umejitokeza kama uzi wa buluu chini ya ngozi. Unachotafuta ni ngozi ya mkia yenye nyuzi 32 hadi 35.

Mpe panya dakika 5 hadi 10 juu ya bamba au blanketi la joto akiwa ndani ya mrija wa kumshikia, na chumba chenyewe kisiwe na upepo wa kiyoyozi unaompiga moja kwa moja. Taa ya joto ya kuning'iniza sipendi kuiona karibu na kazi hii: inachoma sehemu moja na kuacha nyingine.

Onyo: panya hatoki jasho kama sisi. Joto likimzidi hujipaka mate kwenye manyoya. Ukiona kidevu na kifua vimelowa, au anahema kwa kasi, mtoe mrijani hapohapo na umrudishe kwenye hewa ya kawaida. Siku hiyo usimpime tena. Hata ungepata namba, isingekuwa na maana.

*Mkanda usiomfaa.* Panya wa gramu 200 na wa gramu 400 hawavai mkanda mmoja. Mkanda uteleze hadi karibu na shina la mkia bila kulazimishwa na bila kucheza. Mwembamba mno au uliolegea husoma juu, mpana mno husoma chini. Katika utafiti unaochukua miezi panya wananenepa huku mkanda ni uleule, kwa hiyo presha "inayopanda na umri" huweza kuwa ni mkia ulionenepa tu. Kila unapopima uzito, angalia na mkanda.

*Hewa inavuja.* Chukua bomba la sindano la plastiki lenye unene wa mkia, livishe mkanda, jaza hewa hadi 200 mmHg (kizio cha presha), kisha tazama kwa nusu dakika. Geji ikishuka, tafuta tundu: kwanza kwenye mpira pale unapokunjwa, halafu kwenye viungio vya mrija wa hewa. Mpira ni kitu cha kubadilisha, usiuzibe kwa gundi.

*Mkia wenyewe.* Uchafu uliogandamana huzuia kihisi. Futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na ukaushe. Panya aliyewahi kuumia mkia, au aliyepata pete za ngozi iliyojibana utotoni kwa sababu ya hewa kavu, pengine hatasomeka maisha yake yote. Mwondoe kwenye kupimwa kwa njia hii kabla majaribio hayajaanza. Kumwondoa katikati, ukishaona namba zake, ni kujichagulia matokeo.

*Kifaa kimepotoka.* Ukimaliza yote hayo, unganisha kifaa na geji unayoiamini kwa kiungo cha T, pandisha hewa hadi 50, 100, 150 na 200, ulinganishe. Wakipishana zaidi ya mmHg chache, ishia hapo na umwite fundi wa vifaa vya maabara. Kihisi cha presha hakifunguliwi kwa bisibisi ya mezani.

Dalili ya 2: Namba zinarukaruka, au panya mzima anaonekana ana presha

*Hofu.* Tazama mapigo ya moyo kabla ya presha. Panya aliyetulia kizimbani hupiga karibu na 300 hadi 350 kwa dakika. Ndani ya mrija yataongezeka kidogo hata kwa aliyezoea, lakini yakikaribia 500 unachopima ni woga wake. Ishara nyingine ni kinyesi na mkojo mfululizo mrijani, na mkia unaochapachapa.

Dawa yake ni kumzoesha, na hakuna njia ya mkato. Siku 5 hadi 7 mfululizo, saa ileile, mkono uleule. Mwanzoni mrija peke yake kwa dakika chache, kisha mrija na joto, kisha mkanda bila kuhesabu matokeo. Funika mrija kwa kitambaa cheusi. Panya hutulia gizani. Asikae humo zaidi ya nusu saa. Wapo wasiozoea kabisa, na kuna panya mmoja katika kundi ambaye atakula vidole vyako mpaka mwisho wa utafiti. Usiulazimishe urafiki huo.

*Saa na mwanga.* Panya ni wa usiku; presha na mapigo yake hupanda taa zikizimwa. Ukipima kundi moja asubuhi na jingine jioni, umeshatengeneza tofauti kati yao kabla ya dawa yoyote. Hakikisha saa ya taa inafanya kazi kweli, 12 kwa 12. Ingia chumbani usiku mara moja ujionee kwa macho, maana taa inayobaki inawaka baada ya umeme kukatika na kurudi haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote.

*Kelele usizozisikia.* Sikio la panya hufika hadi karibu kilohezi 80, la mtu huishia 20. Bomba linalodondosha maji, feni yenye beringi mbovu, shada la funguo: kwetu ni kimya au kero ndogo, kwake ni ukelele. Kama namba ziliharibika ghafla wiki fulani, uliza kama kuna ujenzi jengo la jirani, kama vizimba vilibadilishwa asubuhi ileile, au kama mhudumu mpya ameanza kazi. Panya waliosafirishwa waachwe angalau wiki moja kabla ya kugusa mkanda.

*Namna ya kuhesabu.* Chukua mizunguko 15 hadi 20 ya kujaza na kutoa hewa, tupa ya mwanzo 5, kisha toa wastani wa iliyobaki kwa kanuni uliyoiandika kabla ya kuanza: mzunguko upi unakataliwa na kwa sababu gani. Anayepima asijue panya ni wa kundi gani. Mtu anayejua kuwa huyu ni SHR "aliyepewa dawa" atakataa mzunguko wa juu kwa kisingizio cha mkia kutikisika, bila hata kujua anafanya hivyo.

*Kifaa kinaombwa kisichokiweza.* Mkanda wa mkia hutoa presha ya juu, yaani namba ya moyo unapobana, kwa uhakika wa wastani. Ile ya chini, katika vifaa vingi, ni makadirio. Mwaka 2005 American Heart Association ilitoa mapendekezo yanayosema jambo hili waziwazi: mkanda wa mkia unafaa kuchuja wanyama wengi na kuona tofauti kubwa, ila ukitaka kujua ukubwa halisi wa mabadiliko, au mpando wa usiku na mchana, tumia kipima presha cha kupandikizwa mwilini. Kwa hiyo kama hoja yako yote imesimama juu ya mmHg 6 kati ya makundi mawili, hata mkanda mpya hautakuokoa.

Dalili ya 3: SHR hapandi presha

Uliza umri kwanza. SHR huzaliwa bila tofauti inayoonekana kirahisi. Huanza kuachana na WKY, panya wa Wistar wa Kyoto wanaotumiwa kulinganisha naye, kati ya wiki ya 5 na ya 7, na madume wengi hufika 180 hadi 200 mmHg ya juu kati ya wiki ya 12 na 16. Panya wa wiki 6 mwenye 140 yuko njiani tu. Majike hupanda pia, ila hubaki chini ya madume, kwa hiyo kizimba chenye mchanganyiko wa jinsia kinatoa wastani usiomhusu yeyote.

Halafu uliza alipimwaje. Kama ni chini ya nusukaputi, isoflurani hushusha presha, na kina cha usingizi kikibadilika kati ya panya mmoja na mwingine, unapima dawa ya usingizi. Uliza pia chumba. Panya akiishi kwenye joto, presha na mapigo hushuka. Kwa maabara za Dar es Salaam au Mombasa, kiyoyozi kilichozimika usiku kucha kinatosha kuchafua data ya siku nzima. Weka kipimajoto kinachorekodi chenyewe, usitegemee kile cha ukutani kinachosomwa saa mbili asubuhi.

Kadi za vizimba nazo. SHR na WKY wote ni weupe wenye macho mekundu, na kwa kuwatazama hutawatenganisha ukiwa na haraka. Siku ya kubadilisha maranda, vizimba viwili vikiwa wazi mezani, kadi hubadilishana. Alama ya sikio au ya mkia ndiyo ya kuaminika, na isomwe kila siku ya kupima.

Kisha historia ya utotoni. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba watoto wa SHR wakinyonyeshwa na mama wa WKY hukua na presha iliyo chini ya ile ya ndugu zao walionyonyeshwa na mama yao. Ukoo ni uleule, jeni zilezile, ila mama mlezi ameibadilisha namba. Kama aliyekuuzia aliwahi kugawa watoto kwa mama wengine ili kuokoa uzazi, swali hilo lazima liulizwe kwa maandishi.

Tawi la ukoo ndilo la mwisho. Herufi baada ya mkwaju (/) kwenye jina, SHR/NCrl, SHR/Izm na kadhalika, zinaeleza ni kundi la nani. Makundi yaliyotengana kwa miongo kadhaa yamebadilika kila moja kivyake. Ukiandika "SHR" tupu kwenye ripoti hujasema una panya gani.

Dalili ya 4: Dahl SS amelishwa chumvi na hakuna kilichotokea

Nenda stoo, sio kwenye kompyuta. Simama mbele ya gunia na usome karatasi iliyoshonwa pale juu.

Neno la kutafuta ni kama asilimia iliyoandikwa ni ya chumvi au ya sodiamu. Sodiamu ni karibu asilimia 39 tu ya uzito wa chumvi. Chakula chenye sodiamu 0.4% kina chumvi karibu 1%, na chakula cha chumvi 8% kina sodiamu kama 3.15%. Mtu akiagiza "0.4" kwa kundi la chumvi kidogo akapata sodiamu 0.4%, kundi lake la chini linakula mara mbili na nusu ya alichokusudia, na tofauti aliyoitegemea inafifia. Mashine haitamwonya.

Baada ya karatasi, angalia kizimba. Panya anayekula chumvi hunywa maji mengi sana na hukojoa hivyohivyo. Kama maranda ya kundi la chumvi yamelowa sawa na ya kundi la kawaida, chumvi haiingii tumboni. Sababu huwa mojawapo ya hizi: wahudumu wamebadilisha magunia, panya wanakikataa chakula na kukichimbachimba bila kula, au chumvi ilichanganywa kwa koleo na imetuama chini ya gunia. Chakula cha namna hii kiagizwe kikiwa kimeshachanganywa na kushindiliwa kiwandani. Chupa ya maji iliyoziba pia huua hamu ya kula, na panya wa chumvi aliyekosa maji kwa siku moja ni mgonjwa wa dharura.

Ukitaka uhakika, mkojo wa saa 24 ndio shahidi. Panya anayekula gramu 20 za chakula cha chumvi 4% anaingiza chumvi gramu 0.8, yaani karibu milimoli 14 za sodiamu kwa siku, na sehemu kubwa itatoka kwenye mkojo. Kwa chakula cha 0.4% ni kama milimoli 1.4. Pengo la mara kumi halijifichi hata kwa kipimo cha kawaida. Mantiki hiyohiyo ilitumika kwa watu: utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990, ulikuta presha ikianza kupanda mapema baada ya kuhama, na mkojo wa waliohama ukiwa na sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Hawakubadilisha wazazi njiani.

Kama chumvi inaingia kweli, tazama kilichobaki kwenye chakula. SS waliokuzwa kwa chakula cha nafaka hupata presha na uharibifu wa figo pungufu kuliko waliokuzwa kwa chakula kilichosafishwa chenye kaseini, protini ya maziwa. Kazi ya Medical College of Wisconsin, Milwaukee, imelionyesha hili mara kadhaa, na hata chakula cha wazazi kina mchango. Kubadilisha kiwanda cha chakula katikati ya utafiti ni kuanza utafiti mwingine.

Muda pia. Kwa chumvi 4% wape wiki mbili hadi tatu kabla ya kulalamika.

Onyo: usijibu ukimya wa panya kwa kupandisha chumvi hadi 8% siku moja. SS wachanga kwa kiwango hicho hufa ndani ya wiki chache, na kibali chako cha kamati ya maadili huenda hakikuruhusu. Kubadilisha kiwango ni barua mpya kwa kamati, hata kama gunia limeshafika.

Bado hapandi? Sasa ndipo unapomshuku panya. Mwaka 1994 iliripotiwa kwamba SS waliokuwa wakiuzwa kibiashara walikuwa wamechanganyika na damu nyingine, na watafiti waliokwisha kuwatumia ikabidi warudie kuangalia walichokichapisha. Dalili ya wazi ni mtoto mwenye madoa ya rangi kwenye ukoo wa weupe watupu. Akizaliwa huyo, simamisha upandishaji wa kundi zima siku hiyohiyo. Ila mchanganyiko na ukoo mwingine mweupe hauonekani kwa macho. Tuma vipande vya sikio vya panya kadhaa kwenye maabara ya kupima alama za DNA, pamoja na vya SR wako. Hapa hakuna utaalamu wa mezani utakaotosha.

Dalili ya 5: Jeni "imepatikana", lakini maabara nyingine haioni kitu

Kwenye dalili hii utakaa sana, na kipimo kinaweza kuwa safi kabisa.

Chanzo cha kawaida ni WKY. Kila mtu humtumia kama panya wa kulinganisha na SHR, kwa kuwa wote wametoka kwa Wistar wa Kyoto. Lakini SHR walisambazwa kutoka Marekani wakiwa wameshatimiza vizazi 20 vya kaka na dada, ambavyo ndivyo kigezo cha ukoo kuwa safi. WKY walisambazwa kabla hawajatimiza. Kila aliyewapokea akaendelea kuwazalisha kivyake, na matokeo yake WKY wa muuzaji mmoja si WKY wa mwingine. Theodore Kurtz na R. Curtis Morris walilipigia kelele hili mwaka 1987, baada ya kukuta tofauti za ukuaji na za presha kati ya vyanzo. Ukaguzi wa kwanza basi ni mwepesi: linganisha jina kamili la WKY wako na la maabara inayokubishia. Wakitofautiana, hamjabishana bado.

Chanzo cha pili ni cha kifikra. SHR na WKY wanatofautiana kwa maelfu ya jeni, nyingi zisizohusiana kabisa na presha, zilizobaki upande huu au ule kwa bahati tu wakati wa kupandisha ndugu. Ukipima chochote kati yao, protini, homoni, tabia, una nafasi kubwa ya kukuta tofauti, na haithibitishi kitu. Njia inayothibitisha ni kupandisha koo mbili, kisha watoto kwa watoto, na kuwapima wajukuu: je, waliorithi kipande hiki cha kromosomu ndio wenye presha? Ndivyo John Rapp na wenzake walivyofanya mwaka 1989 kwa jeni ya renini, kimeng'enya cha figo kinachohusika na presha, katika panya wa Dahl, na ndivyo makundi mawili yalivyofika kwenye kromosomu ya 10 mwaka 1991 kwa kutumia SHRSP. Hata hapo unapata mtaa, bado hujapata nyumba. Kipande kinachoshukiwa kinabeba mamia ya jeni. Kazi ya kukihamishia kipande hicho peke yake kwenye ukoo usio na presha, kwa kupandisha na kuchuja vizazi kadhaa, ndiyo inayochukua miaka.

Chanzo cha tatu ni mabadiliko ya jeni yaliyotokea baadaye kwenye tawi moja. Mfano mzuri ni Cd36. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba SHR wa tawi lililopitia Marekani wana kasoro kwenye jeni hiyo, inayovuruga matumizi ya mafuta na insulini. Mwaka uleule ikaripotiwa kwamba SHR wa asili waliobaki Japani hawana kasoro hiyo, na presha wanayo. Kwa hiyo kasoro iliingia njiani, na presha ya ukoo huo haikuihitaji ili ianze. Baadaye ilionekana kuwa ukosefu wa Cd36 kwenye figo unaweza kuongeza mzigo wa presha, jambo lisilopingana na la kwanza: jeni inaweza kuchangia bila kuwa chanzo.

Ukifika hapa na hujui uendelee vipi, mtafute mtaalamu wa jenetiki ya panya na mtu wa takwimu kabla ya kununua kundi jingine. Wanyama walionunuliwa kwa swali lililopangwa vibaya hawarudishwi dukani.

Dalili ya 6: Kipima presha cha kupandikizwa kinapoteza ishara au namba zinahama

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila kiwanda kina kitabu chake. Ishara ikikatika, anza na sumaku ya kuwasha, kisha betri, kisha rafu za chuma na vipokezi vilivyobanana hadi kimoja kinasikia panya wa jirani. Pengo kati ya presha ya juu na ya chini likipungua siku hadi siku huku wastani haubadiliki sana, ncha ya mrija ulio ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, ina damu iliyoganda au utando. Namba zote zikihama kwa pamoja, ni sifuri iliyohama: ndiyo maana kipima husomwa hewani kabla ya kupandikizwa na tena kikitolewa. Siku 7 hadi 10 za kwanza baada ya upasuaji zisiingie kwenye matokeo.

Panya akiamka kutoka upasuaji na miguu ya nyuma haina nguvu, damu ya aota ilibanwa muda mrefu mno au imeganda. Hiyo haisubiri kesho. Mwite daktari wa wanyama saa hiyo.

Dalili ya 7: Panya wanadhoofika au kufa kabla ya wakati

Kwa SHRSP na kwa SS wa chumvi, ugonjwa wenyewe huua, na kibali kinapaswa kuwa kimeandika kabla ni wapi mnaishia. Kwingi mpaka ni kupungua uzito kwa asilimia 20, na wengine huweka 15. Pima uzito angalau mara mbili kwa wiki. Macho hayaoni gramu 40 chini ya manyoya.

Acha kila kitu na uite daktari wa wanyama ukiona yoyote kati ya haya: kulegea upande mmoja, kuzungukazunguka au degedege, ambazo kwa SHRSP ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo, kupumua kwa tumbo, tumbo kujaa maji, mkojo wa damu, kutosogea unapomgusa. Wekundu kuzunguka macho na pua mara nyingi si damu bali ute wa rangi anaoutoa panya aliye na dhiki au maradhi. Mmoja akiwa nao, chunguza kizimba. Wengi wakiwa nao, chunguza chumba. Usimpime presha panya mgonjwa eti "kwa kuwa tumeshamtoa". Na asiyefundishwa na kuidhinishwa asimuue panya kwa huruma.

Kwa upande wako: ukiumwa na panya, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, andika kwenye daftari la ajali, nenda hospitali. Homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baadaye ni lazima daktari aambiwe kuwa ulitafunwa na panya, maana kuna homa ya bakteria inayotokana na jeraha hilo na hatafikiria mwenyewe. Chafya na macho kuwasha kila uingiapo chumbani ni mzio, na ukianza kubanwa kifua usirudi humo kabla ya kumwona daktari. Glavu peke yake hazitakusaidia.

Unapompigia daktari wa wanyama, kuwa na vitu hivi mkononi: namba ya panya na jina kamili la ukoo, umri, uzito wa wiki tatu zilizopita, namba ya toleo iliyo kwenye gunia la chakula, na tarehe ya mwisho aliyopimwa au kupewa dawa. Kama ameshakufa, mfunge kwenye mfuko wenye lebo na umweke kwenye friji ya kawaida, mbali na vyakula vya watu. Friza hapana: barafu hupasua seli, na figo utakayotaka ichunguzwe kwa darubini itakuwa imeharibika.